Mkate wa Arobaini kwa Unga wa Mandazi

Unga ule nilikuwa nikiudharau. Sokoni Kisangani huuzwa kwa kopo, kutoka kwenye gunia lililoachwa mdomo wazi, na wanunuzi wake ni akina mama wanaokaanga mandazi kando ya barabara. Ni unga wa ngano wa kila kazi: mandazi, chapati, uji wa mtoto, hata gundi ya kubandika matangazo ukutani. Mimi nilijihesabu kuwa juu ya unga wa kila kazi. Nilikuwa mwanamke wa mkate wa chachu, na kwa mkate huo nilikuwa nimepata jina katika ukoo wa mume wangu, ukoo ambao jina halipatikani kirahisi.

Ni Waislamu tangu enzi za misafara ya biashara, watu wa kanzu, ubani na dua ndefu. Mimi nilizaliwa Yanonge, ukishuka na mto kidogo, katika nyumba ya Wakristo, nikasilimu nilipoolewa. Walinipokea vizuri, sitasema uongo. Lakini siku za kwanza nilipoulizwa mama yangu anafanya kazi gani, nilijibu kwamba anauza samaki na kwanga, ile mihogo iliyolowekwa, ikatwangwa na kupikwa ndani ya majani. Na kweli alikuwa akiuza. Nilichoacha kusema ni kwamba nyuma ya jiko lake palikuwa na pipa na bomba, na kwamba lotoko, pombe kali ya mahindi na mihogo, ndiyo iliyonivika sare na kunipeleka shule. Nililala utoto wangu wote ndani ya harufu ile. Ndani ya nyumba ya wakwe niliiogopa kuliko ninavyoogopa nyoka.

Mkate wenyewe nilianza kuutengeneza kwa hasira. Hamira ya paketi hutufikia ikiwa imekwisha kufa njiani; unaitia kwenye maji ya uvuguvugu, unaikalia kama mgonjwa, haiamki. Basi nikajifunza kwenye simu kufuga chachu yangu mwenyewe: unga na maji ndani ya chupa ya mayonezi, unailisha kila siku, unamwaga nusu, unailisha tena, mpaka inaanza kutoa mapovu bila kuombwa. Nikaumua nayo donge, nikalioka katika tanuri la pipa ambalo mume wangu alinitengenezea kwa fundi wa kuchomelea. Baba mkwe, fundi cherehani aliyeshona nusu ya kanzu za mtaa wetu pale Simi-Simi, alionja kipande, akatafuna taratibu, akasema, "Iko na ukali kidogo, sawa kwanga. Niongezee." Tangu siku hiyo hakutaka tena mkate wa duka.

Alipofariki, mama mkwe aliniita chumbani alikokuwa amekaa eda.

"Kwa arobaini ya papa," aliniambia, "watu watakunywa chai na mukate yako. Ile yenye alikuwa napenda. Njo sadaka yake, mwana yangu. Uifanye muzuri."

Sadaka ya marehemu si mchezo. Watu wanakuja kumsomea, wanakula kwa jina lake, na wema wa chakula kile unaandikwa upande wake. Kikiwa na doa, doa ni lake. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyoamini. Hata hivyo nilitoka chumbani kichwa kimevimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilikuwa bado sijafika kwenye maji.

Unga wangu mzuri, ule wa gunia lenye picha ya masuke, ulikuwa umeadimika. Boti za mizigo zilikuwa zimekwama huko chini, mto umepungua, na muuzaji wangu alikuwa na maneno mengi bila bidhaa.

"Iko tu hii ya mandazi," alisema akiligonga gunia. "Bon, unga iko unga, mama."

Nilimjibu kwa ukali kwamba unga si unga, nikazunguka soko zima, nikarudi kwake nimefyata mkia. Mkate wa watu wengi ulitaka unga mwingi, na unga mwingi ulikuwa huo tu. Nikaamua kuujaribu mapema, kimyakimya, bila kumwambia mtu kwamba mkate wa marehemu utatoka kwenye gunia la mandazi.

Mkate wa kwanza ulinitukana. Nilitia maji kama nilivyozoea, nikakanda, nikangoja, nikalikuta donge limelala na kutambaa hadi ukingo wa sinia. Unga mzuri ukiuvuta hunyumbuka, kisha hurudi. Huu ukiuvuta unakatika. Uliiva ukiwa bapa kama kandambili. Majirani waliula na chai, wakaniuliza kwa upole kama ni aina mpya ya chapati. Nilicheka nao, kisha nikaenda ndani nikanuna mpaka magharibi.

Uliofuata nilipunguza maji. Baada ya huo nikaacha kukanda kwa nguvu. Nikawa nalikunja donge tu, nalipumzisha, nalikunja tena, kama unavyombembeleza mtoto mwenye homa ale. Nikagundua pia kwamba unga huu hauvumilii kungojwa. Kwa muda niliouzoea donge lilifika juu, likachoka, likaanguka. Basi nikawa naliwahi kabla ya kuchoka. Mwisho nikaacha kulioka wazi kwenye sinia, nikalitia ndani ya sufuria nyembamba ili lisipate pa kutambalia. Hapo mkate ukasimama. Haukuwa na matundu makubwa niliyoyazoea, na ngozi yake ilikuwa hafifu, lakini ukiubonyeza ulirudi, na ule ukali alioupenda baba mkwe ulikuwemo. Nilikula kipande nimesimama jikoni, nikaona haya kwa maneno niliyomtupia yule muuza unga.

Kilichobaki kunisumbua ni chachu yenyewe. Kwa unga mzuri ilikuwa tulivu. Kwa unga huu ilipanda haraka, ikala chakula chake chote, na nilipochelewa kidogo kuilisha, na joto hili letu, ilishuka ikaweka juu maji ya kijivu. Mara ya kwanza nilipofungua kifuniko nilikifunga tena upesi. Ilikuwa harufu ya nyuma ya jiko la mama yangu. Si yenyewe hasa. Lotoko inachoma ndani ya pua, na hii ilikuwa nyepesi, ina siki kidogo. Mtu aliyekulia penye lotoko angetofautisha mara moja.

Nilisoma kwenye simu kwamba hiyo ni chachu yenye njaa tu: mwaga maji yale, ilishe, itatulia, unga wowote unaoumuka hupitia hapo, na moto wa tanuri huiondoa harufu hiyo. Nikaamini, kwa sababu ni kweli. Lakini maji yale nilikwenda kuyamwaga kwenye majani nyuma ya choo, nikanawa mikono kwa sabuni, nikainusa, nikanawa tena. Tangu hapo nikawa nailisha chachu asubuhi na jioni, mlango wa jiko nimeufunga. Jikoni mwangu mwenyewe, nanyata kama mwizi wa kuku.

Siku ya kuamkia arobaini sikuilisha. Wageni walikuwa wakimiminika, jamaa wa Banalia wamefika kwa pikipiki wamejaa vumbi jekundu, maji ya kuoga yachemshwe, mikeka itandikwe, mchele uchaguliwe mawe. Nilichota chachu ya kutosha, nikaumua madonge, na ile iliyobaki ndani ya chupa niliisahau kwenye rafu karibu na moto.

Asubuhi jiko lilijaa wanawake wa ukoo. Huyu anakatakata nyama, yule anamenya vitunguu, kila mmoja na kisu chake na neno lake. Mikate ya kwanza ilikuwa imekwisha toka tanurini, nimeifunika kwa kitambaa cheupe, na nilikuwa najiona mtu. Miongoni mwa wanawake hao alikuwamo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye sote tulimwita yaya kwa heshima ya ukubwa wake. Alikuwa binti wa baba yake hasa. Yeye ndiye aliyekaa miguuni pake utotoni akimtungia uzi sindanoni, na tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka. Asubuhi ile alikuwa akitafuta chumvi. Akafungua chupa moja, si yenyewe. Akafungua ya pili.

Kichwa kilimrudi nyuma. Akainusa tena.

"Semeki," aliniita, kwa neno letu la kuitana mashemeji na mawifi. Sauti haikuwa kubwa. "Hii njo nini?"

"Chachu, yaya. Ya mukate."

"Chachu gani inanuka lotoko?"

Visu vilisimama. Wanawake wakasogea, chupa ikapita pua hadi pua, na kila pua ikatoa hukumu yake. Mmoja akasema astaghfirullah. Mwingine akakitazama kitambaa cheupe kama vile chini yake amelala mbwa.

"Njo ulitia hii mu mukate ya papa?" yaya aliuliza. "Mu sadaka ya papa? Watu wanakuja kumusomea, alors sisi tunawapatia pombe?"

"Haiko pombe," nilisema. "Ni juu ya unga ya mandazi, inakuwaka na njaa..."

"Unga ya mandazi!" mtu akadakia. Hapo nikawa nimejiongezea kosa la pili, na maelezo yangu yote ya njaa na moto wa tanuri yakanikimbia.

Yaya hakujali unga. Alinitazama usoni. "Semeki, wewe unajua harufu ya lotoko?"

Nimelifikiria swali lile mara nyingi, na siamini tena kwamba aliniuliza kwa ubaya. Alitaka mtu amtoe hofu. Kama ningesema ndiyo, naijua, nimekulia ndani yake, mama yangu huipika, na naapa kwa Mungu hii siyo, jambo lingekwisha. Wangeninong'ona wiki nzima, na mkate wa baba yake ungebaki safi. Neno lilikuwa ncha ya ulimi. Nikawaona wale wanawake wote wameshika visu. Nikamwona mama yangu ameinama juu ya pipa lake, kitambaa kichwani, jasho likimtoka kwa ajili yangu, na badala ya kumhurumia nilimwonea haya.

"Hapana," nilisema. "Siijue."

"Donc hauwezi kujua kama iko yenyewe ao haiko."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yaya akawaambia wenzake waitoe mikate yote, wawape mbuzi wa jirani, na mtu apande pikipiki haraka akalete mikate ya duka kabla wasomaji hawajaketi. Shemeji mmoja akaanza kukusanya ncha za kitambaa.

"Leta hiyo chupa."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni katika nguo zake za eda. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Chupa ikapelekwa. Aliinusa kwa utulivu, akafumba macho, akainusa tena.

"Hii haiko lotoko," alisema.

"Mama, wewe utajua namna gani?"

"Mi naijua." Aliwatazama wote, kisha akabaki akimtazama binti yake peke yake. "Papa yako alikuwa nakunywa. Wewe ungali mudogo, alikuwa nakunywa kila siku ya Mungu. Nilikuwa nafula kanzu yake mapema, mbele batoto hamujaamuka, juu musisikie harufu. Kiisha akaacha, na Mungu alimusaidia. Lakini ile harufu haiwezi kunipotea. Hii haiko yenyewe. Muache mutoto ya watu. Mupelekee watu mukate."

Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye karai na hakuna aliyeyatia kitu. Yaya alibaki ameshika kifuniko, mwanamke mtu mzima mwenye watoto wakubwa, macho yameganda kwa mama yake. Akakirudisha kifuniko juu ya chupa, akakikaza, akaenda kuketi kwenye vitunguu vyake.

Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na mwosha hufunga mdomo, ndiyo amana yake. Mama mkwe alikuwa ameufunga wake maisha yote ya ndoa, katika mtaa ambao kila mtu alimwamkia fundi wa kanzu kwa heshima. Akaufungua siku ya arobaini ya mumewe, mbele ya wakazamwana na mashemeji na jamaa wa mbali, ili mimi nitakasike. Nilitakasika. Hakuna aliyeinusa tena chupa yangu, mmoja hata alinipiga begani akaniomba radhi. Na mimi niliyekuwa najua tangu mwanzo kwamba haikuwa lotoko nikasema, "Haina neno, mama." Naona haya hata kuliandika neno hilo.

Mikate ikatoka. Wanaume walisoma uani, wakaomba dua, wakanywa chai. Kutoka jikoni niliwasikia wakiisifu. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba marehemu alikuwa anajua kitu kitamu. Mume wangu akaja mlangoni, uso umemnawiri kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

"Wanauliza kama iko ingine," aliniambia.

Nikampa sinia lililobaki. Hakuwa amesikia bado. Nilimwona akiondoka nalo ameliinua juu, nikajua kwamba kabla ya giza kuingia mtu atakuwa amemwambia, na kwamba atasimuliwa habari ya baba yake pamoja na habari ya chachu yangu, zote mbili kwa pumzi moja.

Alasiri, wageni walipopungua, nguo za marehemu ziligawanywa kama ilivyo desturi. Tulikaa chumbani kwa mama mkwe, jamaa wa karibu tu. Kofia zikaenda kwa huyu, koti kwa yule, mkasi na futi vikaenda kwa fundi mwanafunzi wake wa zamani. Kanzu nyeupe ya Idi hakuna aliyeigusa, kwa sababu yaya alikuwa ameiomba tangu siku za msiba. Baba yake alijishonea mwenyewe, na tarizi ya shingoni aliishona kwa mkono. Mama mkwe aliitoa sandukuni akampa.

Yaya aliipokea kwa mikono miwili na kuipeleka usoni, kama watu wafanyavyo na nguo ya mpendwa wao. Wengine waliinamisha vichwa kwa heshima. Mimi sikuinamisha, na ndiyo maana niliona. Hakuwa akiibusu. Alikuwa akiinusa. Aliinusa shingoni, akaigeuza akainusa kwapani, akakunjua mkono wa kanzu akanusa ndani ya pindo. Nilikuwa karibu naye kabisa. Ilinukia sabuni na udi, basi. Akainusa tena pale pale shingoni.

Kisha akaiweka juu ya mkeka, akaikunja vizuri, mkono kwa mkono.

"Mupatie mutu mwingine," alisema.

Akachukua mtandio wake, akaagana na kila mtu kwa zamu, mimi pia, kwa adabu kamili, akatoka. Waliobaki wakatafuta kila mmoja kisingizio chake. Mwisho tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, naye akiilainisha ile kanzu kwa kiganja ingawa haikuwa na mkunjo.

"Mama," nilisema. Nilikuwa nimepiga magoti bila kujua. "Mama yangu anapikaka lotoko. Kule Yanonge, tangu sijazaliwa. Ile saa nilijua haiko yenyewe. Ningeweza kusema."

Kiganja chake kilisimama juu ya nguo. Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Alinitazama, kisha akautazama mlango alikopitia binti yake.

"Na sasa unaambia nani?" aliuliza.

Nilitoka mbio bila viatu, nikapita katikati ya masufuria na watu waliokuwa wakiyaosha, mpaka barabarani. Yaya alikuwa hajafika mbali. Alikuwa ameketi nyuma ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, mgongo wima, mkoba mapajani. Nilimwita kwa sauti yangu yote. Mwendesha baiskeli akageuza kichwa, akaniona, akapunguza mwendo. Wifi yangu akamgusa mgongoni, wakaendelea.